Visawe vya Kiingereza na Walimu Wake

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki limo zoezi moja lililokuwa kuukuu bila ya kupata hekima ya uzee. Upande wa kushoto wa ukurasa hupangwa maneno kumi ya Kiingereza, upande wa kulia mengine kumi, na mtoto huambiwa avute mstari kutoka neno hili mpaka lile "lenye maana sawa". "Big" huunganishwa na "large", "begin" na "commence", "ask" na "inquire", "freedom" na "liberty". Aliyevuta mistari kumi bila kosa hupewa alama kumi, akatoka darasani akiamini kwamba Kiingereza ni ghala la bidhaa mbili mbili za namna moja, na kwamba mwenye ghala ana hiari ya kutoa ile iliyo karibu na mkono. Imani hiyo ni ya uwongo. Wala si uwongo mdogo wa kusameheka kwa kuwa watoto ni wadogo, maana watoto hao hukua wakawa mahakimu, wafasiri, wahariri na walimu, na kila mmoja huuchukua uwongo wake mpaka kazini.

Kuuvunja hakuhitaji kitabu. Yatosha kuyaweka maneno matatu mbele ya jina moja. "Big man" ni mtu mwenye mwili mkubwa au mwenye cheo. "Large man" ni mwenye mwili tu, na neno lenyewe limechaguliwa kwa adabu ili asiitwe mnene. "Great man" huenda akawa mfupi na mwembamba kama ufito, akapata sifa hiyo kwa matendo yake. "Big sister" ni dada mkubwa kwa umri, lakini "large sister" ni maneno ya kumgombanisha mtu na dada yake. Dereva husema "start" anapowasha injini. Hapana dereva aliyepata kuisemea injini yake "begin", sembuse "commence". Mtu azamaye baharini hupiga kelele "Help!", na kama angepiga kelele "Assistance!" walio ufukoni wangedhani anafanya mzaha, wakamwacha afe kwa ufasaha wake. Walakini sanduku la bandeji lililo katika karakana ni la "first aid", na hakuna Mwingereza awezaye kuliita "first help" hata kama anajua kwamba "aid" na "help" zimeandikwa mstari mmoja katika kamusi yake. Maneno hukaa kwa ujirani. Ajuaye neno bila ya kuwajua majirani zake anajua jina la mtu asiyejua nyumba yake.

Asili ya wingi huu yajulikana. Waanglo-Saksoni walikuwa na lugha yao katika Uingereza kwa karne nyingi. Mwaka 1066 William wa Normandy akavuka bahari, akashinda vita vya Hastings, na kwa muda mrefu baada yake mabwana na mahakimu wakasema Kifaransa. Wakati huo huo kanisa na wanachuoni waliandika Kilatini. Lugha tatu zikaishi chini ya paa moja, na zilipochanganyika zikaacha maneno matatu mahali palipotosha moja. Ndiyo sababu Kiingereza kina "kingly", "royal" na "regal", yote ya ufalme. Kina "ask", "question" na "interrogate", yote ya kuuliza. Kina "rise", "mount" na "ascend", yote ya kupanda. Lakini anayesimulia habari hii akaishia hapo amesimulia nusu. Lugha haina moyo wa kulisha watumwa wasio na kazi. Maneno matatu yalipokutana, ama moja lilikufa, ama kila moja lilitafutiwa kazi yake. "Royal" likachukua mali na ofisi za mfalme, hata posta ya Uingereza ikaitwa "Royal Mail". "Regal" likachukua mwendo na sura, hata mpishi mwenye madaha aweza kuitwa hivyo. "Kingly" likabaki na tabia njema apaswayo mfalme kuwa nayo. Rafiki humwuliza rafiki kwa "ask", lakini polisi humhoji mshukiwa kwa "interrogate", na mke ambaye mumewe amechelewa kurudi aweza kutumia lo lote kati ya hayo mawili kwa kadiri ya hasira yake.

Walimu wengi hupenda kuonyesha jambo hili kwa hadithi ya nyama. Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, alimtia kinywani mchekeshaji wa bwana mmoja maelezo kwamba mnyama akiwa hai na kuchungwa na mtwana ana jina la Kisaksoni, na akifika mezani kwa bwana hupewa jina la Kinormandi: "swine" huwa "pork", "ox" huwa "beef", "calf" huwa "veal". Hadithi ni tamu, na ina ukweli ndani yake, lakini imekuwa tamu kupita kiasi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yawaita ng'ombe walio hai, waletwao kwa sadaka, "beeves", ambayo ni wingi wa "beef". Karne tano na nusu baada ya Hastings ng'ombe alikuwa hajamaliza kuvuka kutoka zizini kwenda jikoni! Mpaka kati ya maneno hayo haukuchorwa na upanga wa William. Ulichorwa polepole na vinywa vya watu, na wengine wao hawakujua Normandy iko wapi. Msemaji wa Kiswahili, ambaye "nyama" yamtosha zizini, porini na mezani, asione haya kwa umoja huo, wala asidhani kwamba Mwingereza alikaa chini akaamua kuwa na mawili.

Penye kosa la kwanza limezuka la pili, na hili lina wafuasi wenye elimu. Wao wakubali kwamba maneno si sawa, kisha watoa kanuni nyepesi ya kuchagua: lichaguliwe neno la Kisaksoni, liachwe la Kilatini, lichaguliwe fupi, liachwe refu. Ndugu wawili wa ukoo wa Fowler waliitia kanuni hiyo katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906, na George Orwell aliifufua sehemu yake katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Kabla yao, mwaka 1878, William Barnes alikuwa amekwenda mbali zaidi, akataka hata neno "grammar" lifukuzwe, mahali pake liwekwe "speech-craft". Nia ya Orwell ilikuwa njema. Alikuwa ameona maneno marefu yakitumiwa kama shuka la kufunikia maiti: vijiji vikipigwa mabomu na wakulima wakifukuzwa mashambani, na habari zikaandikwa kwa majina yasiyonuka. Mtu mwenye haki hawezi kumlaumu kwa hasira hiyo. Lakini kanuni haikumfuata hata yeye mwenyewe, kwa kuwa insha iliyowakemea wapenda Kilatini ina neno la Kiyunani na neno la Kifaransa katika kichwa chake.

Ajabu ni kwamba mmoja wa wale ndugu wawili, H. W. Fowler, aliishi akajuta. Katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926 alieleza waziwazi kwamba kushikilia Usaksoni kwa makusudi ni upumbavu, na kwamba neno lipimwe kwa uwazi wake, kwa ufupi wake, kwa sauti yake na kwa wepesi wa kulitumia, si kwa nasaba yake. Hata hivyo kanuni ya 1906 yaendelea kufundishwa, na majuto ya 1926 yamesahauliwa. Wapo na katika Kiswahili watu wa shauri hili hili, watakao kulipekua kila neno kama askari wa forodha, wapate kulirudisha Uarabuni lile lisilo na hati. Wajaribu kwanza kuandika malalamiko yao bila "kitabu", bila "habari", bila "sababu" na bila "lakini".

Kuna na kundi la tatu, nalo halistahili maneno mengi: wale wanaochagua neno kwa urefu wake kama mtu achaguaye muwa. Kwao barua haianzi, hu-"commence"; mkutano hauishi, hu-"terminate"; mgeni hatumii mlango, hu-"utilize". Orwell angewakuta katika ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, na huko kanuni yake ingefanya kazi nzuri kwa juma moja.

Lawama hizi zote hutupiwa kitabu cha Peter Mark Roget, nacho hakina hatia. Roget alikuwa tabibu. Mwaka 1852, akiwa mzee wa miaka 73, alipiga chapa orodha yake mashuhuri ya maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kwa mafungu ya fikira, ili mtu mwenye wazo asiye na neno apate mahali pa kulitafuta. Katika dibaji yake alikiri kwamba ni shida kupata maneno mawili yaliyolingana kwa kila hali, na kwamba kupambanua tofauti zao ni elimu nyingine ambayo yeye hakuiingilia. Wale walioifanya elimu hiyo walikuwapo kabla yake: Hester Lynch Piozzi alitoa kitabu chake mwaka 1794, na George Crabb chake mwaka 1816. Roget aliwapa watu soko, na wao wakachukua cho chote kilichokuwa juu ya meza bila ya kuuliza kama kinaliwa. Mwanafunzi wa leo, ambaye orodha hiyo imo ndani ya simu yake, amezidi wote: hugusa neno kwa kidole, likatoka jingine, naye akadhani kwamba ameandika.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mashindano ya watu walioshiba. Neno hili au lile, maana si imefika? Na wasome habari za William Tyndale. Huyu alitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, likapigwa chapa katika mji wa Worms mwaka 1526. Mahali ambapo kanisa lilizoea kusema "church" yeye aliandika "congregation". Mahali pa "priest" aliandika "senior", na katika chapa ya 1534 "elder". Na mahali pa "charity" aliandika "love". Katika zoezi la kuvuta mistari angepata alama zote. Thomas More, mwanasheria na mwanachuoni aliyekuwa karibu kufanywa waziri mkuu wa sheria wa mfalme, hakumpa hata moja. Katika kitabu cha mwaka 1529 alisema kwamba maneno hayo matatu hayakubadilishwa kwa bahati bali kwa shabaha: "congregation" ni mkusanyiko wo wote, basi kanisa lenye maaskofu limeondolewa, "senior" ni mzee tu, basi upadre umefutwa, na "love" hufaa hata mapenzi ya mwili, lakini "charity" ni pendo jema peke yake.

Tyndale alijibu mwaka 1531, na jibu lake juu ya "charity" linastahili kusomwa na kila mfasiri. Alisema kwamba katika vinywa vya watu neno hilo limekwisha kuwa jina la sadaka na huruma, na kwamba halina kitenzi: mtu aweza kuamriwa ampende Mungu na jirani yake kwa "love", lakini hapana awezaye kumfanya Mungu "charity". Hiyo ni hoja ya mtu aliyesikiliza neno likifanya kazi. More naye alisikia vema: alijua kwamba neno likiondolewa, jengo lililosimama juu yake litatikisika. Wote wawili waliamini kwamba visawe si sawa, na ndiyo maana waliweza kugombana. More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa amri ya mfalme wake mwenyewe, kwa jambo jingine. Tyndale alinyongwa na kuchomwa moto huko Vilvoorde mwaka 1536. Hakuuawa kwa maneno matatu peke yake, lakini maneno matatu yalikuwamo katika kuni.

Wala shauri halikuishia motoni. Mfalme James alipowaagiza watafsiri wake, moja la masharti lilikuwa kwamba "church" libaki, lisifasiriwe "congregation". Na mwaka 1611 "charity" likarudi katika sura ya kumi na tatu ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Mwaka 1881, Agano Jipya liliposahihishwa, "love" likawekwa tena. Leo "charity" masikioni mwa Mwingereza ni kikopo cha kuchangia maskini, kama Tyndale alivyoonya. Waliotafsiri waraka huo kwa Kiswahili walikuwa na mtihani uo huo, maana lugha ina "mapenzi" na ina "upendo", nao wakachukua "upendo". Hofu ya More yote imo katika tofauti ya maneno hayo mawili, na mtoto wa Tanga huijua kabla hajasikia jina la More.

Yule ambaye dini haimshughulishi na aende mahakamani. Kiingereza kina "homicide", "murder" na "manslaughter". Orodha za visawe huyalaza matatu kitanda kimoja, na gazeti la Kiswahili huyafunika yote kwa "mauaji". Katika Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, kati ya la pili na la tatu palikuwa na kitanzi: adhabu ya "murder" iliandikwa kuwa kifo, na aliyetiwa hatiani kwa "manslaughter" alifungwa gerezani. Wafasiri wamezoea kusema "kuua kwa kukusudia" na "kuua bila kukusudia", na mazoea hayo yameingia mpaka katika vitabu. Je, yatosha? Sheria hiyo yasema kwamba mtu aliyechokozwa ghafula, akaua kwa joto la hasira kabla damu yake haijapoa, ana hatia ya "manslaughter" tu. Mtu huyo aliinua panga akijua alitendalo. Alikusudia, japo kwa dakika moja. Kumwambia kwamba ameua "bila kukusudia" ni kumpa neno lisilo lake, na kumwambia marehemu wake habari isiyo kweli. Neno la Kiingereza hupima kiasi cha lawama. Neno la Kiswahili lililowekwa mahali pake hupima nia peke yake. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, hili si swali la darasani tena. Mfasiri aliyelelewa kwa mistari kumi na alama kumi sasa ameshika kalamu juu ya shingo ya mtu.

Na si kila mara Kiswahili ndicho kilicho na upungufu. "Uhuru" hubeba peke yake mzigo ambao Kiingereza humegea "freedom", "liberty" na "independence". Bendera ilipopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, neno moja lilitaja nchi iliyoondoka katika mikono ya wageni, mtu asiyezuiwa kwenda atakako, na mtumwa aliyeachiliwa. Isaiah Berlin, katika mhadhara wake mashuhuri wa mwaka 1958 huko Oxford, alitangaza kwamba angetumia "freedom" na "liberty" kwa maana moja, na watetezi wa zoezi la mistari hupenda kumtaja. Lakini mwanafalsafa aliyetoa tangazo alilazimika kulitoa kwa sababu wasikilizaji wake hawakuwa wakiyatumia hivyo. Aliyepigania nchi yake ni "freedom fighter". Hapana "liberty fighter". Na mgeni anayezidisha mazoea katika nyumba ya watu husemwa kwamba "takes liberties", ambapo "freedom" halina mlango wa kuingilia.

Ustadi wa kuchagua waonekana vizuri kwa mtu aliyesimama kati ya lugha mbili. Mwaka 1969 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare uitwao The Merchant of Venice. Neno "merchant" lilikuwa na wagombeaji wengi: mfanyabiashara, mchuuzi, tajiri. Akaandika Mabepari wa Venisi. "Bepari" ni neno la zamani la pwani, lililokuja na wafanyabiashara wa Kihindi, na kwa maana hiyo ni sahihi kabisa. Lakini miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na sikio la msomaji wa 1969 halikuweza kulisikia neno hilo bila ya kusikia mnyonyaji. Tena Shakespeare aliandika mmoja, Nyerere akaandika wengi. Waweza kumgombeza mfasiri kwamba ametoa hukumu kabla pazia halijafunguliwa, na baadhi ya wasomi wangekuwa na haki. Lakini huwezi kumgombeza kwamba hakujua alitendalo. Hakuvuta mstari.

Haya si mambo ya kumtisha mtoto wa shule, kwa kuwa mtoto huingia darasani akiwa nayo. Mwambie kwamba mbuzi wa bibi yake amefariki, na atacheka, mbuzi hufa. Mwambie kwamba bibi yake amekufa kama mbuzi, na atalia mara mbili. Yeye ajua pia ni nani aagaye dunia na ni nani atangulizwaye mbele ya haki. Mtoto mwenye elimu hiyo akionyeshwa "die", "decease" na "perish" hatauliza yapi ni sawa. Atauliza nani hufa kwa neno lipi, naye atajibiwa kwamba la pili lapenda karatasi za mirathi, na la tatu lapenda matunda yaozayo sokoni na mabaharia waliopotea katika tufani. Kumwondolea maarifa hayo na kumpa rula ni kumfunza ujinga kwa gharama ya serikali.

Basi karatasi ya mtihani na ibadilishwe. Mtoto apewe sentensi moja iliyo na pengo, na maneno matatu yaliyo jirani. Achague moja, kisha aandike mistari mitatu kueleza kwa nini mawili yaliyobaki yameachwa, na ni sentensi gani nyingine ingeyapokea. Majibu hayo hayataweza kusahihishwa kwa ufunguo wa herufi A mpaka D, na wasahihishaji watanung'unika kwamba wanacheleweshwa kwenda nyumbani.